Maziwa ya Muheto Yanachachuka Njiani

“Onja, Mama. Onja kwanza njo ukatae.”

“Sionji, Papa. Kazi yangu iko kupima.”

Ni saa tatu asubuhi kwenye mlango wa kiwanda cha jibini cha Karuba. Anastasie Kasika anainua kichupa juu ili wote waone. Maziwa aliyoyachanganya na spiriti yameganda vipande vipande, dalili kwamba yameanza kuchacha. Yamekataliwa. Ni bidoni, yaani dumu, ya nne leo.

Mfugaji Nzabandora habanduki. Amebeba lita ishirini mgongoni, mwendo wa saa tatu kutoka Muheto, juu mlimani, na anawasemea wenzake kumi na mmoja.

“Kesho hatuleti. Kichupa yenu haijue kama huku tunatembeaka na miguu.”

Anastasie, mama wa watoto wanne, anajua hajadanganywa. Kampuni ya Ulaya ilileta kiwanda pamoja na kitabu chake cha kazi. Kwao, lori la baridi hufika zizini mara tu ng’ombe anapokamuliwa. Hapa hakuna lori linalopanda Muheto. Wiki iliyopita, kati ya lita 600 zilizoletwa kila siku, 210 zilirudishwa. Wafugaji hawa wakisusa, kiwanda kitafungwa, na mshahara wake wa dola 140 utapotea.

“Mama yangu alikuwa anagandisha maziwa kulekule juu, yakiwa na joto la ng’ombe,” Anastasie anamwambia. “Aliteremsha jibini, si maziwa.”

Kwa miezi miwili aliomba hatua hiyo ya kwanza, kugandisha, ifanyiwe Muheto. Wakubwa wa Ulaya wakakubali jaribio la siku kumi, mradi mtu wa kiwanda asimamie kila ukamuaji. Fundi aliyetumwa kutoka Goma aliutazama mlima, akakumbuka ana kikao mjini.

“Tumungoje mwingine,” anasema Yves, meneja. “Atakuja wiki ijayo.”

“Wiki ijayo utamupa maziwa gani?”

Anastasie anavua koti jeupe, anamkabidhi msaidizi wake, Fifi, vichupa, kisha anachukua kipimajoto na dawa ya kugandishia.

“Nitasimamia mimi. Siku kumi zikiisha, nataka wajenge chumba kule, na binti za Muheto wafundishwe kazi hii. Mimi sitapanda mlima mpaka uzee.”

“Na watoto, dada?” Fifi anauliza.

“Baba yao iko na mikono.”

Anamgeukia Nzabandora. “Jioni munakamua saa ngapi?”

“Saa kumi.”

“Beba ile sufuria, Papa.”

Yves bado anatafuta kalamu ya kusaini ruhusa. Anastasie ameshavuka mlango, na njia ya Muheto ameikamata.