Swali Nililolipeleka Mabela kwa Nahodha wa Kiitaliano

Mume wangu, marehemu Khamis, alifariki tarehe 3 Agosti, na eda yangu ilimalizika tarehe 9 Disemba. Baada ya hapo nilikuwa huru kutoka, na nilikuwa na jambo moja tu la kutokea. Khamis aliondoka na swali ambalo hakulipatia jibu, na mtu pekee mwenye jibu hilo alikuwa anakwenda Maskati.

Wasomaji ambao hawakuketi kwenye barza ya mtaani kwetu Unguja hawana budi kuelezwa. Khamis alikuwa beki wa kati na nahodha wa timu ya mtaa, na katika mabeki wote wa ulimwengu alimkubali mmoja tu, Mtaliano Ettore Camparani. Huyu alikuwa mtoto wa mchonga mawe. Klabu ya kwanza ilimkataa kwa wembamba wake; ya pili ilimpokea, naye hakuiacha mpaka alipostaafu. Iliposhuka daraja, klabu tajiri zilimwita. Akabaki, akacheza katika viwanja vya mashimo, akaipandisha, kisha akaiongoza kutwaa ubingwa akiwa na kitambaa cha unahodha mkononi. Hakuwa na mbio wala kimo. Aliusoma mpira kabla haujapigwa, na mara nyingi alitoka uwanjani na bukta safi, kwa sababu hakuhitaji kujirusha chini. Nayajua haya kwa kuwa nimeyasoma mwenyewe. Niliingia darasa la kisomo cha watu wazima nikiwa mama wa watoto watano, na maradhi ya sukari yalipomnyang'anya Khamis macho, mimi ndiye niliyemsomea kurasa za michezo, kuanzia kichwa cha habari hadi jina la mwamuzi.

Swali lenyewe lilitokana na fainali moja iliyotazamwa barzani kwenye televisheni. Beki mmoja chipukizi wa timu ya Camparani alijifunga bao. Muda mfupi baadaye goti la nahodha likatetereka, ikabidi atoke. Hapo hapo umeme ukakatika mtaani kwetu, televisheni ikazimika. Uliporudi, kitambaa kilikuwa mkononi mwa yule yule aliyejifunga, anacheza kama simba, na timu ikashinda. Kimefikaje pale? Barza ikagawanyika. Khamis alishikilia kwamba nahodha alimfuata kijana kwa makusudi. Salum, mdogo wake, alisema mwenye goti bovu hachagui. Alimpa aliyekuwa karibu. Magazeti yalieleza habari za goti tu. Salum alihamia Maskati, na kila Idi alipiga simu: "Kaka, bado unaiamini hadithi yako?" Khamis alijibu kwamba anaiamini, hadi Idi yake ya mwisho.

Tarehe 14 Januari, asubuhi, niliondoka Unguja nikiwa na chupa mbili za achari ya embe kwa ajili ya shemeji. Nassor, mtoto wa Salum, anayefundisha timu ya watoto, alikuwa ameniarifu kwamba Camparani amealikwa kuwafunza makocha, na kwamba siku moja atapita nyumbani kwao kunywa kahawa.

Maskati ilinipokea kwa hewa ya baridi kidogo na barabara pana zilizofagiliwa kama ua wa bibi harusi. Tulikwenda moja kwa moja Mabela, ambako nyumba mpya nyeupe zimejipanga hadi jicho linachoka. Salum alinipokea akiwa ameketi. Alipasuliwa nyonga mwezi wa Novemba, na tangu siku hiyo hakumwinukia mgeni yeyote. Watu ndio humfuata.

"Nisamehe shemeji, nyonga hii imenifanya sultani," alisema. "Umeleta achari?"

"Nimeleta achari na swali la kaka yako."

"Achari nipe. Swali lirudishe Unguja, kaka alishashindwa zamani."

Siku iliyofuata Nassor alitutembeza, mimi na mama yake, Bi Rahma. Tulipita Bustan, milima mitupu ikiwa imesimama juu ya barabara, tukateremka hadi Qantab, kijiji kidogo kilichojificha ndani ya ghuba. Hapo wavuvi walikuwa wakivuta mashua kwa gari hadi nchi kavu, na nyuma yao watu wazima walikuwa wakicheza mpira mchangani. Beki wao mmoja alikuwa akipiga kelele muda wote. Nilimwambia Nassor kwamba baba yake mkubwa asingempanga mtu yule.

"Kwa nini, mama mkubwa?"

"Beki anayepiga kelele ameshachelewa. Camparani alikuwa kimya."

Jioni nilimwuliza Salum ni nani atakayeuliza swali letu. Alijibu kwamba majlisini, kwenye chumba cha kupokelea wageni, watakaa wanaume watupu, kama ilivyo desturi ya nyumba yake, na kwamba atauliza yeye. Nilimtazama sana. Mtu aliyefurahia ubishi kwa miaka yote hiyo hana haraka ya kuumaliza, seuze kama huenda akashindwa.

Tarehe 17 Januari, baada ya sala ya alasiri, nahodha alifika. Nilimwona kupitia pazia la chumba cha wanawake: mtu mwembamba mwenye mvi, anachechemea kidogo, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimsalimu kila mmoja kwa mkono, mdogo na mkubwa sawa. Nilisema moyoni, Khamis, ndiye.

Kahawa ikaanza. Desturi ya huku ni kwamba mgeni akitosheka hukitikisa kikombe. Asipokitikisa, anamiminiwa tena, na kikao hakivunjiki. Hakuna aliyekumbuka kumweleza Mtaliano. Alikunywa, akamiminiwa, akashukuru, akanywa tena. Harriet, dada wa Kiganda anayefanya kazi pale, alirudi jikoni na dalla, lile birika la kahawa, likiwa tupu.

"Mama, huyu mzee ni hatari," alimwambia Bi Rahma. "Dalla ya tatu hii! Leo halali."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Salum aliuliza habari za hali ya hewa ya Italia. Akauliza habari za watoto. Akauliza bei ya nyumba. Swali la Khamis halikuja. Nikaelewa kwamba kikombe kile kisichotikiswa ndicho pekee kilichokuwa kinanisubiri, na kwamba wakati wowote mtu angemnong'oneza mgeni desturi, naye angeondoka.

Bi Rahma alinitazama, kisha akageuka ukutani. "Nenda," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Nilijifunga mtandio vizuri, nikasimama kwenye mlango wa majlisi. Sikuvuka kizingiti. Wanaume waligeuka.

"Nassor, mwanangu," nilisema, "mfasirie mgeni maneno yangu, usipunguze. Mwambie mimi ni mjane wa beki."

Nikauliza. Nassor akafasiri. Salum alikuwa anaangalia zulia. Nahodha aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakushukuru wala kutabasamu. Alijibu polepole, Nassor akimfuata neno kwa neno.

"Anasema wenzake wote walimkimbilia alipoanguka, mama mkubwa. Walimzunguka. Yule kijana peke yake hakwenda. Alibaki kwenye mlingoti wa goli, amegeuza uso. Anasema walitaka kumbeba, akakataa. Alitembea mpaka golini, akamfunga kitambaa."

"Kwa goti lile?" Salum aliuliza.

"Kwa goti lile."

"Kwa nini asimwite?"

Nassor aliuliza. Mtaliano alimjibu Salum huku ananitazama mimi.

"Anasema, ningemwita, uwanja mzima ungemwona anaitwa."

Salum aliishika bakora yake, akaegemea, akainuka. Nassor alitaka kumsaidia, akasukumwa pembeni. Alichukua birika na kikombe kwa mkono mmoja, kazi ambayo katika nyumba yake hufanywa na mdogo kuliko wote, akaivuka majlisi yote hatua baada ya hatua, mpaka mlangoni niliposimama. Nikakipokea kikombe, akanimiminia.

"Kaka kanishinda," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikunywa. Sikukitikisa kikombe. Akanimiminia tena.

Tarehe 21 Januari nilirejea Unguja. Nilikwenda kumwona beki, nikarudi nimejua kwa nini Khamis, kila nilipokosea kusoma neno, hakunisahihisha mbele ya wageni, bali alisubiri waondoke, akapapasa ukuta hadi pale nilipoketi, ndipo akanisahihisha. Siku ya pili nilipita barzani, mahali ambapo wanawake hupita tu, nikasimama, nikawapa jibu. Mzee mmoja aliyekuwa upande wa Salum alisogea, akanipisha nafasi ya Khamis. Nikaketi.