Pengwini wa Kihanga

Watu wa Kihanga walimcheka Celestin Sebahire kwa sababu alibeba mtoto mgongoni. Nikisema walimcheka nawastahi. Walimsimanga, na waliomsimanga zaidi ni wanaume ambao tangu wazaliwe hawajamfuta mtoto makamasi. Mimi Joviana, mtu wa Muleba, nilikuwa mwalimu wa darasa la sita pale. Mama yangu alisema mdomo wangu utanikosesha mume. Ulinikosesha, na sijutii. Ninachojutia ni kingine.

Celestin alikuwa kibarua. Wazazi wake walitoka Rwanda, yeye akakulia huku akipalilia kahawa za watu na kuwachotea walimu maji. Alikaa kwenye kibanda kilichokuwa katika kibanja, yaani shamba la migomba, cha mzee Placidius, jirani na shule. Mwaka 1978 mvua ya mawe iliangusha migomba yote ya Celestin kabla ndizi hazijakomaa. Mwezi wa Septemba mkewe, Therese, akafunga mzigo akaenda Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, kulima kwa ujira wa maharage. Alisema atakaa siku arobaini. Mtoto wao Uwimbabazi alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameshaachishwa ziwa, akabaki na baba yake.

Majirani walitaka kumchukua yule mtoto. Celestin akakataa, akasema Therese amemwachia yeye, hakumwachia kijiji. Basi akamfunga mgongoni kwa kitenge cha mkewe na kwenda naye shambani, jembe begani. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, walimpa jina la Mama Uwimba.

Siku moja alipita karibu na dirisha la darasa langu, wanafunzi wakaangua kicheko. Niliweka chaki chini. Nilikuwa na kitabu cha picha alichoniachia padri mmoja mzee aliporudi kwao, nikakifungua kwenye ukurasa wa pengwini, nikawaambia waache ujinga wasikilize.

"Kuna ndege hawa, hawaruki, wanaishi kusini kabisa mwa dunia kwenye barafu."

"Barafu ni kama ile mvua ya mawe, Mwalimu?"

"Ile ile. Lakini hii haiyeyuki, na imefunika kila kitu mpaka macho yanapokomea. Kipupwe chao ni giza, jua halichomozi kwa wiki nyingi. Wakati huo jike hutaga yai moja tu. Amechoka, ana njaa, kwa hiyo humsukumia dume lile yai juu ya miguu yake, kisha huondoka. Hutembea siku nyingi juu ya barafu mpaka afike bahari iliyo wazi, akazamie samaki na ngisi. Hukaa huko miezi miwili."

"Na baba anakula nini?"

"Hali kitu. Anasimama. Yai liko juu ya miguu yake, amelifunika kwa ngozi ya tumbo, na likianguka chini litaganda mara moja. Madume husongamana maelfu, wa pembeni waliopigwa na upepo huingia katikati, wa katikati hutoka pembeni. Hakuna anayemcheka mwenzake."

Wanafunzi walikuwa wanatazama dirishani. Nilipogeuka nikamwona Celestin amesimama dirishani, mtoto amelala mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Yule jike, anarudi kweli?"

"Marahaba. Anarudi. Anarudi tumbo limejaa, na kifaranga ndiyo kwanza anaanguliwa."

Kengele ikalia. Chini ya ukurasa ule kulikuwa na mistari mitatu ambayo sikuisoma. Sitasingizia kengele. Niliiona, nikafunga kitabu, kwa sababu uso wa Celestin ulikuwa umenawiri, na mimi nilifurahi kuwa mtu aliyeunawirisha.

Mwisho wa Oktoba, majeshi ya Amin yakavuka mpaka yakaikalia Missenyi yote. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tulisikia mizinga, tukaona watu wakipita na magodoro vichwani. Siku arobaini za Therese ziliisha katikati ya vita. Celestin alisimama barabarani akiwauliza wakimbizi mmoja mmoja. Wapo waliosema wanawake wa upande ule walichukuliwa Uganda kwenye malori. Mmoja alisema aliona maiti mtoni. Celestin aliwashukuru wote kwa adabu, akarudi nyumbani kupika.

Vita vikaisha, vijana wakarudi wakiimba. Therese hakurudi. Kila mavuno Celestin alitenga kapu la maharage la mkewe na hakuruhusu liguswe, hata pale mtoto alipoanza kuvimba miguu na nywele zake kugeuka rangi. Kaka yake Celestin, Anastazi, alikuja mara mbili kutoka Rubwera, upande wa Kyerwa. Alikuwa na ardhi ya kutosha na akataka kumgawia. Mzee Placidius naye alitaka kibanja chake. Celestin akawajibu kwamba Therese anaijua nyumba hii, akija akikuta hakuna mtu atapotea. Walipomkazania, alisema, "Muulizeni Mwalimu. Hata huko kwenye barafu jike anarudi."

Maneno yangu hayo! Nilitamani ardhi inimeze.

Huku kwetu, mtu akipotea na mwili wake usionekane, huzikwa mgomba badala yake. Shina hukatwa kwa kimo cha mtu, likafungwa sanda, likaliliwa. Mpaka lizikwe, msiba haufungwi, na mjane haruhusiwi kuhama wala kuoa. Wote walimtaka Celestin amzikie Therese mgomba, na wote aliwakatalia. Januari 1981 nilimwona Uwimbabazi akila udongo nyuma ya jiko la shule. Jioni ile nilikwenda kwa Celestin na kile kitabu, nikamsomea ile mistari mitatu.

"'Jike akichelewa mno, dume humwacha kifaranga akaenda baharini kula. Akibaki, watakufa wote wawili.'"

Aliweka kidole juu ya ile mistari. "Miaka yote hii ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, waitu, ndugu yangu?"

"Niliogopa kukuvunja moyo. Lakini wewe si kama yule ndege, Celestin, wewe unaweza kuondoka na mtoto wako. Ondoka naye. Therese hayupo tena."

Hivyo ndivyo nilivyosema, hayupo tena, kwa sauti ile ile ya darasani isiyo na shaka.

Wiki iliyofuata tulizika mgomba kando ya kibanda. Celestin mwenyewe ndiye aliyeonyesha kimo, kwa kuweka mkono chini kidogo ya bega lake. Alilia mpaka Anastazi akamshika. Lile kapu la maharage lilipikiwa waombolezaji. Kisha akahamia Rubwera, Placidius akakibomoa kibanda, na baada ya Pasaka nikasikia ameoa binti mmoja aitwaye Laurensia, na mtoto ananenepa. Nilijipongeza. Nakiri kwamba nilijipongeza.

Mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, wanafunzi walikimbia kutoka bustani ya shule wakipiga kelele kwamba kuna mzimu. Nilitoka. Therese alikuwa amechuchumaa pale kibanda chake kilipokuwa, amekonda, mguu mmoja una kovu kubwa, mzigo wa maharage na chumvi uko kando yake. Askari wa Amin walimchukua kwenye lori, wakamtupa mbali Uganda, akaugua, akalima kwa watu, akatembea. Placidius alikuwa amekwisha kumwambia kile kilima kidogo cha udongo kando yake ni kaburi la nani. Alikuwa anang'oa magugu juu yake.

"Mtoto yuko hai?" aliniuliza.

"Yuko hai. Yuko kwa baba yake, Rubwera."

Nikamwambia na mengine yote, hata lile la kwamba mimi ndiye niliyesema azikwe. Hakunitukana. Ningeomba anitukane.

Nilituma ujumbe kwa Celestin. Alifika kesho yake alasiri, kwa miguu, Uwimbabazi akiwa mgongoni mwake kama zamani ingawa alikuwa ametimiza miaka minne. Alipomwona Therese alipiga magoti. Walizungumza Kinyarwanda kwa sauti ya chini, na mimi sikuwa na haki ya kusikiliza. Kisha Celestin akasimama, akamteremsha mtoto, na Therese akamnyooshea mikono. Mtoto akajificha nyuma ya miguu ya baba yake, akalia akimtaka mama, naye alimaanisha Laurensia, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito.

Therese akarudisha mikono. Akaufungua mzigo wake, akayagawa maharage sehemu mbili, moja akamfungia Celestin.

Niliwasindikiza baba na mtoto mpaka barabarani, Therese akabaki. Celestin alisimama, hakunitazama.

"Mwalimu, kwenye kile kitabu. Jike akirudi amechelewa, akakuta dume ameshaondoka, anafanya nini?"

Niliikumbuka ile mistari yote mitatu.

"Kitabu hakikusema," nikamjibu.

Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akauchukua ule mzigo wa maharage, akaenda zake.