Kamera Isiyo na Masikio

Sauti yangu ilijulikana kutoka Ruiru mpaka Thika. Katika michezo ya kanisa, katekista aliyetufundisha alikuwa na sheria mbili: usiwape watu mgongo, na wa benchi la mwisho akusikie. Nikilia jukwaani, hata walio nje ya ukumbi walinyamaza. Sijisifu. Waulizeni waliokuwepo.

Kwa hivyo mpiga picha mmoja Mhindi alipotoka Nairobi kuja kutengeneza filamu ya afya, nilijua nafasi ya mama mwenye mtoto mgonjwa ni yangu. Niliitaka sana, sifichi. Filamu hiyo ingezungushwa mashambani kwa gari la sinema, na ilikuwa bubu. Mtangazaji ndiye angeeleza kwa kipaza sauti. Gari hilo lilikuwa limeshatuletea sinema bubu za zamani za Wazungu waliopakwa unga usoni, wanaume wakijishika kifua, wanawake wakizirai na mikono hewani. Nilipowaona nilisema, hawa ni watu wa jukwaa kama mimi.

Siku ya kupiga picha nikapewa mtoto wa jirani. Nikaigeukia kamera, nikainua mkono juu, nikalia kilio changu cha mchezo wa Krismasi. Mpiga picha akasimamisha mashine.

"Mama, hii kamera haina masikio," akasema. "Na usiiangalie. Unaonekana kama unauza viazi."

Viazi! Niliona aibu, kisha hasira ikanipanda. Akasema mkanda wa filamu umebaki kidogo, atanijaribu mara moja tu. Nikishindwa atamchukua mke wa katekista. Yule hawezi kujifanya ana njaa hata kama hajala tangu jana.

Nikajiuliza ni wapi mimi huongea bila sauti. Mbona ni kazini, kila siku! Nilikuwa nachambua kahawa kiwandani Thika, na mashine za kukoboa zilinguruma hata usimsikie aliye ubavuni mwako. Sisi wanawake tuliongea kwa nyusi, midomo na bega. Tuligombana, tukapatana, tukamsengenya msimamizi akiwa amesimama papo hapo. Ukirusha mikono, anakuona, na kazi huna.

Basi nikamshika mtoto kama niko kiwandani. Nikamtazama, nikakunja uso kidogo tu, nikameza mate. Mashine ikaendelea kuzunguka. Kumbe mtoto naye alikuwa na mambo yake, akanikojolea mpaka magotini. Sikushtuka. Nikamgeukia msichana aliyecheza nesi nikamwambia ya moyoni, kwa nyusi na midomo, bila kutoa sauti. Mpiga picha akafurahi, akasema hapo sasa nimeigiza.

Filamu ilipoletwa kwetu Ruiru, wenzangu wa kiwandani walikuja wote, wakaketi mbele. Ilipofika mahali pale nilipomgeukia nesi, mtangazaji akasema kwa sauti nzito kwamba mama anamshukuru nesi kwa mashauri mema.

Wanawake wakaangua kicheko, wakaangukiana. Katekista, aliyeketi nyuma yangu, akauliza kuna nini cha kuchekesha, mtoto si mgonjwa? Mmoja akamjibu huku akijifuta machozi:

"Mwalimu, anasema, 'Amenilowesha. Njoo umshike wewe, nesi wa uongo.'"

Mtangazaji akapandisha sauti, akarudia shukrani zangu kwa nesi. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wananiangalia mimi.