Nyama ya Mbuzi Nyuma ya Kikwembe

Tuliporudi Baraka, mji wetu, kutoka ng'ambo ya ziwa, vita ilikuwa imetupa pumzi kidogo, na mimi nilirudi na njaa ya kitu kimoja: nyama ya mbuzi. Miaka mingi katika kambi ya wakimbizi tulikula mahindi na maharagwe mpaka tukachoka hata kuyatazama. Basi nikasikia kwamba nyuma ya soko bwana mmoja amefungua mahali pa nyama ya kuchoma, unakaa kama chifu, unaletewa. Mbuzi anatoka Lubondja, kule vilimani! Wiki nzima hata usingizi wangu ulinukia moshi.

Siku ile nilipiga shati pasi. Kumbe mahali penyewe ni turubai juu ya miti, pipa lililokatwa lenye makaa, na benchi mbili zinazotazamana. Haidhuru. Nikaagiza, sahani ikaja: nyama, ndizi za kukaanga, pilipili. Nikanyoosha mkono, nikainua macho, na kwenye benchi ya mbele ameketi, sahani mapajani, mama wa binti niliyekuwa ninamposa.

Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe mbele ya mkwe. Ni haya kubwa. Na mama huyu alikuwa hajanikubali bado. Mjomba wangu alipokwenda kuniombea alijibiwa, "Ule kijana ni wa ndoto tu. Ndoto inajazaka sufuria?" Nikitafuna hata kipande kimoja mbele yake, posa imekwisha.

Nikashusha mkono. Na yeye akashusha wake, akageukia barabara. Kuondoka? Nani aache mbuzi, baada ya miaka yote ile? Tukakaa tu, mafuta yakaganda meupe kwenye sahani, nzi wakatua juu yake.

Mwenye kuchoma akaja na hasira. "Bandugu, banzi ndio banakula kuliko ninyi! Nyama yangu iko na ubaya gani?"

"Ule anaposa mutoto yangu," mama akasema bila kugeuka.

Yule bwana alicheka mpaka akaegemea pipa, akaungua, akaendelea kucheka. Kisha akamwita mke wake, wakafunga kikwembe, kitenge cha maua mekundu, katikati yetu kama pazia.

Nikauma. Ee Mungu wangu! Nikavuta, nikatafuna, taya zikauma. Ndiyo nyama niliyoiota hii? Machozi yalikuwa karibu kunitoka. Upande wa pili nilisikia mtu anatafuna, anapumua, anatafuna tena.

"We kijana," sauti ikatoka nyuma ya kikwembe.

"Ndiyo, mama."

"Hii mbuzi ilikimbia vita yote na miguu."

Ulimi ukaniponyoka. "Ilifika mpaka Minembwe kule juu milimani, mama, ndio ikarudia hapa."

"Na muzigo kwa kichwa!"

Tukacheka, kikwembe kikatikisika. Nilimsikia akijipiga mapaja. Mama ambaye akiniona njiani alikuwa anavuka upande mwingine!

Kisha sahani yake ikasukumwa chini ya kikwembe mpaka miguuni pangu, nyama karibu yote.

"Mi meno inanishinda. We ungali na yako. Kula, mutoto yangu. Na kesho mujomba yako arudie kwetu."

Mutoto yangu! Nilitafuna nyama ya watu wawili mpaka taya zikafa ganzi. Sijaonja tena nyama mbaya kama ile, na siku ile sikubakiza hata kipande.