Joto la Kiota cha Chumbani kwa Mama

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Tangu udogo wangu naitwa kiguu na njia, na mwaka ule ninaousimulia, elfu mbili na kitu, ndio nilizidi. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani kwetu Mji Mkongwe kumtunza mama, nashona mapazia kwa cherehani chini ukumbini. Nikikaa kwenye cherehani roho iko juu kwa mama. Nikipanda juu, macho yako darini. Dari ya chumba chake ilikuwa imepasuka kutoka ukuta hadi ukuta, na kila asubuhi tulikung'uta vumbi la chokaa kwenye shuka zake. Masika yalikuwa yanakaribia, na mvua za masika zikiingia kwenye dari ya namna ile hazina utani. Mtaa wa nyuma yetu nyumba nzima ilishaporomoka mchana kweupe.

Mradi wa kutengeneza nyumba kongwe ulishakubali kuibadilisha dari ile. Mafundi walikuwa tayari, chokaa imeshalowekwa, boriti mpya zimelazwa uani. Kilichotuzuia ni ndege.

Juu ya kabati la nguo la mama, kwenye pembe ya boriti mbili, mbayuwayu walijenga kiota. Walikuwa wakiingia kwa kidirisha cha juu, na mama hakuruhusu mtu kukifunga hata siku ya upepo. Alisema hao ni wageni wa baraka na nyumba waliyoikimbia haina heri. Basi akatokea msichana mmoja kutoka Bara, mwanafunzi wa mambo ya ndege, mwenye adabu zake, kila akiingia shikamoo mpaka kwa paka. Akatuomba, ndege hawajataga bado, atutilie kidude kiotani. Ni kidogo kama punje ya kunde, wenyewe wakikiita kihisio, kinapima joto na kulipeleka kwa mawimbi, bila ya waya, mpaka kwenye kisanduku kilichokaa ukumbini juu ya friji yangu. Kisanduku kinaonesha namba ya wakati ule, basi. Namba ikiwa juu, ndege wamo. Ikiwa sawa na ya chumba, kiota kitupu.

Kiota chenyewe kilikuwa kama mfuko ulioshonwa mdomo, huoni ndani, na ukikichokonoa ndege huwasusa makinda yao. Kwa hiyo yule msichana na fundi mkuu wakapatana: kidude ndicho kitakachosema. Mimi nikisome kisanduku kila siku baada ya isha, ndege wakiwa wamelala, nimpigie simu. Kiota kikipoa siku kadhaa mfululizo, makinda yamesharuka, kazi ianze. Na kazi ikianza, mama ahamie Michenzani kwa kaka yangu miezi miwili mitatu, mpaka dari ikauke.

Nikawa mtumwa wa kisanduku. Niliambiwa nikitazame mara moja, mimi nikikitazama nikitia uzi, nikikitazama nikikata kitambaa, naacha wali unaungua naenda kukitazama. Mchana namba iko chini, nami nafurahi. Ikifika isha, imepanda. Nampigia yule msichana, ananiambia kwa upole kwamba wanarudi kulala, tuvute subira. Subira! Mawingu yameshajaa upande wa kusini, fundi mkuu ananiuliza kila siku nikipita Darajani, na mimi dari ya mama yangu imekabidhiwa kwa ndege wasiolipa hata maji. Niliwachukia ndege wale, Mungu anisamehe. Usiku nilikuwa nikisikia kitu kinadondoka juu, nakimbia ngazi mbili mbili, nafika nakuta ni tasbihi ya mama imeanguka.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwaona tena. Mwanzoni walikuwa wakipita kwenye kidirisha mchana kutwa, na makinda yakilia mpaka mtu huwezi kuzungumza. Sasa kimya. Nikimwambia mama, ananijibu kwamba masikio yangu yamezibwa na cherehani, yeye alfajiri anawasikia vizuri tu.

Halafu ikaja arusi ya mpwa wa mama, kijijini Paje. Mama akachukuliwa asubuhi, akalala huko. Usiku ule nikasoma kisanduku: namba iko chini, sawasawa na ya chumba. Nikashangilia peke yangu ukumbini. Kesho yake mama akarudi na hina yake na uchovu wake, na baada ya isha namba ikapanda kama kawaida.

Nikasimama pale mbele ya friji. Hawa ndege nao walialikwa arusini?

Siku ya pili magharibi, badala ya kusali chini, nikapanda juu na kandambili mkononi. Mlango wa mama ulikuwa umerudishwa. Nikauegemea kidogo. Nikamwona mama yangu, bibi mzima wa magoti mabovu, asiyeweza kushuka ngazi bila ya kushikwa mkono, amesimama juu ya kiti. Mkono mmoja ameshika kabati, mkono wa pili anasukuma chetezo chenye makaa mekundu juu ya kabati, chini kabisa ya kiota. Ubani unafuka. Nyumba ipi ya mjini haifukizi ubani magharibi? Nilikuwa nikiunusa kila siku na kusema moyoni, mama kashafukiza chumba.

Sikupiga kelele, nilichelea ataanguka. Nikaenda taratibu nikamkumbatia kiunoni, nikamteremsha. Alikuwa mwepesi mno. Nikakishusha na chetezo, nikakiweka sakafuni, ndipo mdomo ukanifunguka. Nikamwambia yote: kwamba angeanguka, kwamba angeunguza nyumba, kwamba amemfanya mjinga mtoto wa watu aliyetoka Bara, kwamba mimi nimekonda kwa ajili ya namba za uongo. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ndege wameshaondoka zamani," akasema. "Lakini mimi nikitoka humu sirudi."

Nikamwapia kwamba atarudi. Akanihesabia mashoga zake waliotolewa kwa matengenezo, mmoja baada ya mmoja, na kila nyumba sasa ina ubao wa hoteli mlangoni na mzungu anapiga picha ngazi. Na kaka yangu, akasema, alishataja mbele yake kwamba kuna mtu anaulizia nyumba yetu kuinunua. Ni kweli alitaja. Alitaja kama mtu anavyotaja bei ya nyanya, wala hakuwa na nia, namjua kaka yangu. Lakini mama alikuwa amekaa na neno lile miezi.

Nikamwambia, basi dari? Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Dari hii nzima kuliko wewe. Waliojenga walikuwa watu."

Kesho yake nikampigia simu yule msichana nikamweleza. Alicheka kwanza, kisha akauliza kama mama hajaungua. Akaja akakitoa kidude chake. Kiota kilikuwa kitupu, manyoya tu na vumbi, na masizi ya ubani. Mama alikaa kitandani akimtazama, akamkaribisha chai, wala hakuona haya hata kidogo.

Nilipigana na watu watatu siku ile. Nilimwambia kaka yangu mama haendi Michenzani, na akija na gari nitalirejesha kwa mawe. Fundi mkuu akasema hawezi kufanya kazi na mgonjwa ndani, nikamwambia mama si mgonjwa, ni mkaidi, na atakaa chini ukumbini kwangu. Mama mwenyewe alitaka kiapo kwa Msahafu kwamba ukumbini ni ukumbini, si kituo cha kungojea gari. Nikaapa. Kitanda chake tukakishusha, nikakiweka ubavuni mwa cherehani.

Fundi alianza na upande wa kitanda. Aligusa kwa patasi tu, hakupiga nyundo, na boriti ikaingia patasi yote. Mchwa walikuwa wameila ndani, limebaki ganda. Akaipachua kwa vidole, ikamomonyoka kama mkate mkavu, na kipande cha dari kikashuka palepale palipokuwa na mto wa mama. Akaniita. Nikapanda nikaona. Halafu, nitasema kweli, nikajaa hasira na furaha pamoja, nikashuka kumwita mama aje aone dari yake nzima kuliko mimi.

Nikampandisha ngazi pole pole. Akasimama mlangoni na bakora yake. Akatazama boriti, akatazama kifusi, akatazama mahali pa mto. Nilingoja ashtuke. Hakushtuka.

"Ulijua," nikasema.

"Nlikuwa naisikia inalia usiku. Kila nkilala napiga shahada kwanza."

Fundi akajitia kutafuta nyundo yake. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti kama mtoto, na nilikuwa mtu mzima wa miaka arubaini. Mama akaniuliza nalia nini na yeye mzima. Nikamwambia alikuwa radhi nimfukue kwenye kifusi kwa mikono yangu, kuliko kuniambia neno moja tu, kwamba anaogopa.

Akakaa kando yangu kwenye ngazi, kwa taabu, akishika ukuta.

"Ningekwambia," akasema, "ungenihamisha siku ile ile."

Nilitaka kumkatalia. Lakini ndivyo ningefanya.