Kahawa Niliyoichora Kijani

Maganda ya kahawa yakikaa siku mbili kwenye lundo huanza kutoa harufu iliyo kati ya pombe na matunda yaliyooza, harufu tamu nzito inayokufuata hata kanisani. Kwetu, juu kidogo ya mji wa Mkuu, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda. Ikianza kusikika kihambani, yaani shambani kwetu pale nyumbani, migomba juu na mibuni chini yake, tulijua kuwa masika yamekwisha, baridi imeingia, na kila mwenye vidole ataitwa kuchuma. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, na nilikuwa mchumaji mbaya kuliko wote nyumbani. Dada zangu walijaza ndoo kwa kahawa mbivu tupu. Yangu ilikuwa mchanganyiko, na baba alipoimwaga juu ya gunia ili kuchambua, alinitazama kwa jicho la kumtazamia mwizi. Kahawa mbichi ikichanganyika na mbivu inaharibu mzigo mzima, na karani wa chama cha wakulima hakuwa na huruma na mzigo mchafu. Baba alisema ni uvivu. Mimi nilijua nimejitahidi mpaka shingo imeuma.

Aliyegundua ni mama. Asubuhi moja alikuja kwenye mstari wangu akaniambia, "Hebu nionyeshe iliyoiva." Nikaonyesha. Akaniambia nionyeshe nyingine, nikaonyesha, na safari hii nikaona uso wake unabadilika, ila si kwa hasira. Aliketi juu ya majani makavu ya migomba, akanivuta mkono, akasema nifumbe macho. Akanitia punje mbili kiganjani. "Ipi laini?" Nikamwambia ipi. "Basi hiyo ndiyo mbivu. Macho yako yapumzishe, baba, wewe chuma kwa vidole." Tangu siku ile nilichuma kwa kubonyeza. Mbivu hukubali kidogo, mbichi hukataa. Juma halijaisha ndoo yangu ilikuwa safi kuliko za dada zangu, ingawa nilichelewa kujaza. Hakuna aliyejua jina la tatizo langu, na mimi mwenyewe nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, kwamba kuna watu ambao nyekundu na kijani machoni mwao ni ndugu wa tumbo moja. Mama, aliyeishia darasa la nne, hakuhitaji jina ili anifundishe.

Msimu huohuo shule yetu ilipata mwalimu mpya. Mwalimu Eliakimu alikuwa kijana, amekulia kambini kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, ambako wazazi wake walihamia kutoka mkoa mwingine kutafuta kazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Alikuja na kitu ambacho hatujawahi kukiona, sanduku la rangi lenye vikopo kumi na viwili, na akatangaza kwamba atachagua watoto sita. Hao sita watapamba ukuta wa mbele wa shule kabla afisa elimu hajatutembelea, kisha atawapeleka Moshi mjini kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kuwa mmoja wa wale sita. Nilianza kuchora kabla sijajua kusoma, kwa mkaa juu ya mafiga, kwa kijiti kwenye vumbi la uani, nyuma ya kalenda za parokia. Mbuzi niliyemchora, dada zangu walimwita kwa jina lake. Nikajiambia kwamba nafasi moja ni yangu, hizo tano wagombanie wenyewe.

Jaribio lilikuwa kuchora tawi la mbuni lililosimamishwa kwenye chupa. Nilipomaliza kwa penseli, nilisikia harufu ya sabuni nyuma yangu, mwalimu kasimama. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema hakuna. Akaguna, akapita, nami nikajihesabu mmoja wa sita. Kisha tukaambiwa tupake rangi. Vikopo havikuwa na majina. Nikachovya nilipodhani, nikafuatisha giza na mwanga nilivyoviona, nikapuliza karatasi ikauke, nikaridhika kabisa na kazi yangu. Mwalimu alipoinyanyua juu, darasa lililipuka kwa kicheko. Majani yalikuwa mekundu kama damu. Kahawa ilikuwa kijani.

"Unanidhihaki?" aliuliza. Nikamwambia, "Sioni, mwalimu. Rangi hizo sizioni." Akasogea karibu. "Mlango ule unauona? Ubao unauona? Chakula je, unakiona?" Kila swali nilijibu ndiyo, na kila ndiyo iliongeza kicheko. Akatoboa karatasi yangu kwa kalamu, akapitisha uzi, akanivisha shingoni. Akanituma nipite madarasa yote, kuanzia la saba mpaka la kwanza, na kila mlangoni niseme kwa sauti: "Mimi ndiye ninayechuma kahawa mbichi." Asiyetoka kwenye familia ya kahawa atadhani ni mzaha wa kitoto. Darasa la tatu alikuwemo mtoto wa karani wa chama. Juma lile mzigo wa baba ulimwagwa chini na kupekuliwa mara mbili mbele ya majirani, na baba alirudi nyumbani akakaa nje na kibuyu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka mama akamwita ndani. Kuhusu mimi, mwalimu alitoa amri moja tu. Nisiguse rangi tena.

Padri alitufundisha kusamehe saba mara sabini. Nilikuwa mzuri wa hesabu, nikajua hiyo ni mara ngapi, na nikaamua Mwalimu Eliakimu hatapata hata moja. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa mpya ukiwasubiri wale sita. Mtoto yeyote wa Kichagga hufokewa na mama yake mapema asicheze na utomvu wa mgomba, kwa sababu ukidondoka kwenye nguo hauonyeshi kitu, ni maji tu, lakini siku ya pili ni kahawia, siku ya tatu karibu mweusi, na hakuna sabuni inayoutoa. Mtu wa miwa hawezi kujua hilo. Ijumaa jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka, nilikata vipande vya mgomba mbichi nyuma ya jiko la shule nikachora ukutani kwa ncha zake zinazovuja. Nilimchora mwalimu mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, kidole juu, na makali ya mikono ya shati sikuyasahau. Nilipoondoka ukuta ulikuwa na unyevu kidogo tu, hakuna ambacho mtu angekiona.

Jumatatu asubuhi alikuwepo ukutani. Jumanne, siku ya afisa elimu, alikuwa ameiva. Walimpaka chokaa mara mbili kabla mgeni hajafika, na mara zote mbili, chokaa ilipokauka, mdomo ule ukarudi. Afisa elimu alisimama mbele ya ukuta, akatazama picha, akamtazama mwalimu, akatazama tena picha, na waliokuwa karibu wanasema alijikohoza ili asicheke. Mgeni alipoondoka mwalimu hakuuliza maswali. Alinyoosha kidole moja kwa moja kwangu mstarini na kumwambia mwalimu mkuu, "Ni huyu. Hakuna mwingine hapa anayeweza kuchora hivi." Nilichapwa fimbo mpaka nikashindwa kukaa kwenye benchi, lakini sentensi ile niliichukua nikaenda nayo nyumbani. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa. Mama alipoitwa shuleni alitazama ukuta, akasema, "Wamefanana," akanishika mkono tukaondoka. Moshi mjini walienda wale sita.

Leo mimi ni mhadhiri wa sanaa na usanifu katika chuo kimoja huko huko Moshi mjini ambako sikupelekwa. Kwangu kila kopo la rangi lina jina lake kwa herufi kubwa. Wiki sita za kwanza hakuna rangi kabisa, ni mkaa, karatasi na vivuli. Nina mwanafunzi asiyesikia ambaye nilimtafutia mkalimani wa lugha ya alama kwa kugonga milango mpaka wakanichoka, na mwingine wa mkono mmoja, Rehema, ambaye darasa zima lilikaa nusu siku kumtengenezea meza inayoshika mbao badala yake, na sasa wenye mikono miwili wanaigombania meza hiyo. Wenzangu huniita mtu wa huruma. Kwenye vikao wana jina refu la heshima, ufundishaji jumuishi, na wameniomba niandike mwongozo. Nimeuandika vizuri. Sikuandika ndani yake kwamba kila kopo nililolibandika jina nilikuwa namwona mtu mmoja mwenye shati jeupe, na kwamba naona raha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwenzangu mmoja aliposema kikaoni kwamba tusijidanganye, sanaa si ya kila mtu, nilimjibu kwa sauti iliyomfanya katibu aache kuandika.

Mwaka jana shule yangu ya zamani ilinialika kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya darasa la saba. Mtu hakatai wito, nikaenda. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, na kati ya padri na mwenyekiti wa kijiji aliketi Mwalimu Eliakimu, mstaafu, kichwa cheupe. Alipewa nafasi ya kunikaribisha. Akashika kipaza sauti, akauambia umati kwamba huyu mnayemwona ni kazi ya mikono yake, kwamba yeye ndiye aliyemshikisha penseli ya kwanza, na kwamba mwalimu hafi maskini. Wakapiga makofi. Niliposimama, watu walitegemea niseme itifaki imezingatiwa na kuendelea. Sikusema hivyo. Niliwasalimu mmoja mmoja kwa majina: mwalimu mkuu, padri aliyekuwa kulia kwa Eliakimu, mwenyekiti aliyekuwa kushoto kwake, katekista, walimu wote, mpaka mama anayepika uji. Kiti kile kimoja nilikiruka. Turubai zima lilielewa, maana kwetu jina lisilotajwa husikika kuliko yaliyotajwa. Kisha nikasema kwamba aliyenifundisha sanaa yuko pale nyuma, mwenye kitenge cha bluu, na alinifundisha kwa punje mbili za kahawa. Vigelegele vilivyopigwa vilimfanya mama ajifunike uso.

Baada ya chakula mzee alinifuata kwenye gari. Alisimama akingoja shikamoo, na mimi, niliyelelewa vizuri, sikumpa. "Umenisahau, mwanangu," akasema. Nikamwambia sijamsahau hata siku moja, nikamkumbusha karatasi, uzi na milango saba. Naamini hakuwa anaigiza, alikuwa anaitafuta kweli siku ile kichwani na haipati. Mwishowe akauliza, "Kumbe ulikuwa huoni kweli? Sasa si ungeniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu."

Nikamfungia mlango wa gari. Njia nzima ya kushuka nilisubiri nijisikie vibaya, na mpaka nafika mjini nilikuwa bado najisikia vizuri. Kesho yake saa mbili nilikuwa darasani, kijana wa mwaka wa kwanza akaniambia kuna kitu kwenye zoezi hakioni. Enzi zangu neno hilo lilikupeleka mlangoni kwa darasa la saba. Nilivuta kiti, nikamwomba anieleze anachokiona yeye, nikanyamaza mpaka alipomaliza. Hilo ndilo jambo moja ambalo Mwalimu Eliakimu alinifundisha kweli, na hatalisikia kutoka kwangu.