Meno ya Mwanahamisi

Enzi zetu pale shuleni Usagara, chaki haikupotea bure. Vile vipande ambavyo mwalimu alivitupa kwa kuwa havishikiki tena, tuliviokota tukavifunga kwenye pindo la gauni hadi nyumbani. Uani kwetu kulikuwa na sakafu ya saruji, na jioni mama akianza kukaanga mihogo, watoto wa mtaa walinizunguka. Mimi nachora, wao wanataja: nani huyu?

Bila kujisifu, nilikuwa fundi. Nilitafuta kitu kimoja tu kwa mtu, nikakikuza mpaka kikapitiliza. Mwalimu wa hesabu nilimchora suruali, imepandishwa hadi kifuani. Walimtaja kabla sijafika kwenye viatu. Muuza kahawa alikuwa shingo tupu. Siku moja alipita akajiangalia pale sakafuni, tukamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitikia na kwenda zake akigonga vikombe. Hakujitambua, masikini.

Mama hakupenda. "Wee mtoto, hujafa hujaumbika!" alinikemea huku akigeuza mihogo, ingawa nilimwona akijificha kucheka.

Aliyenishinda ni shoga yangu wa kufa na kuzikana, Mwanahamisi. Jioni tatu nilimchora, jioni tatu wakataja watu wengine. Mmoja alisema ni binamu yangu wa Muheza. Heshima yangu ilikuwa inaporomoka. Jioni ya nne nikaona nisijiumize kichwa: nikachora meno yake ya mbele, yale yaliyotokeza kidogo, nikayarefusha kama ya sungura. Uani wote ukapaza sauti: "Mwanahamisi!"

Naye, aliyekuwa amekaa pale pale kati yao, alicheka. Kisha akavuta mtandio, akafunika mdomo. Nilidhani ni kwa siku ile tu. Nilimwaga ndoo nzima ya maji kufuta mchoro, nikamwomba radhi, kesho yake nikampelekea chungwa. "Yameshapita, shoga yangu," alisema, mkono ukiwa mdomoni.

Iliniuma, na bado inaniuma. Baadaye sana nilielewa kwamba sura yake ilikuwa katika kicheko. Alikuwa akirusha kichwa nyuma, mdomo wazi, mpaka machozi yanamtoka. Hicho ningekichora, wangemtaja mara moja. Sikukiona kwa kuwa nilikuwa nacho kila siku.

Siku hizi wajukuu zetu hawaokoti chaki. Wanakuelekezea simu, unaota masikio ya mbwa, wanagaragara kwa kucheka, halafu wanafuta na kusahau. Waambie wakuchoree kikombe tu, hawawezi! Lakini afadhali yao. Mwezi uliopita Mwanahamisi alikuja kunitembelea, mjukuu wangu akatupiga picha chungu nzima. Nimezipitia zote. Mimi ninacheka hadi magego yanaonekana, na yeye, bibi wa wajukuu saba, ameziba mdomo kwa mkono katika kila moja. Siku ile nilitaka kumwambia aushushe. Nikaona haya.